Mikono Yote ya Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Dada yangu mkubwa kaleta satini ya magauni ya wapambe. Binti yake, mpwa wangu, anaolewa Jumamosi. Kanionya: nisipoanza na kazi hii, anampelekea Kobe. Kobe ni fundi cherehani wa baraza ya pili, mama mmoja anayetunga uzi kwenye sindano kama anayembembeleza mtoto alale. Nimemwambia dada asinivunjie heshima. Mimi niliwahi kumshonea mtu suti akiwa kwenye foleni ya benki. Alipofika dirishani alikuwa kavaa, na tai juu. Haraka haraka haina baraka? Aliyesema hayo cherehani yake ilikuwa mbovu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeanza na vidogo ili nipate nafasi. Zipu, foronya, pindo za suruali. Kabla ya adhuhuri meza nyeupe! Nusu siku nimeiokoa. Nikaenda kwa kinyozi kuwaeleza watu nilivyoiokoa. Wakataka nieleze tena. Nimerudi jua likizama.
Mpwa wangu kanikuta nafunga mlango. Kauliza magauni yamefika wapi. Nikamwonyesha foronya. Kasema, "Mjomba, mbio unazo, sikatai. Ila unakimbilia wapi?" Ndiyo kusoma sana huko. Mimi shule niliiacha darasa la sita, ilikuwa inanichelewesha.

Jumatano, 5 Juni
Satini bado imo mfukoni, lakini leo kibanda nimekifanyia mageuzi. Mkasi nimeuning'iniza darini kwa mpira. Nikiuachia, unapanda wenyewe. Hakuna tena kuutafuta chini ya vitambaa. Kuupima mpira kumekula siku nzima. Jioni mkasi umepanda na kofia ya mteja. Kobe kacheka hadi kashika nguzo. Kauliza kama nitaanza kushona kabla bibi arusi hajapata wajukuu. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni
Leo historia. Badala ya kukata gauni mojamoja, nimepanga tabaka zote za satini, uso juu, mgongo chini, nikakata kwa mkupuo mmoja. Kobe kapaza sauti toka kwake: fundi, umekikunja hicho kitambaa uso kwa uso? Nikamjibu ashughulike na sindano yake. Nimemaliza chai haijapoa. Nikaenda kwa kinyozi.

Ijumaa, 7 Juni
Mikono yote ni ya kushoto.
Wapambe wanne, mikono minane, wa kulia hakuna hata wa dawa. Kitambaa kikikunjwa, mkono mmoja huelekea huku na mwenzake kule. Mimi sikukunja, kukunja kunapoteza muda. Nimejaribu kuugeuza mmoja nje ndani: huku unang'aa, huku umefifia kama pazia la gesti. Na satini dukani imekwisha.
Dada kasema maneno yaliyomfikia hadi marehemu baba. Mpwa wangu kakaa kwenye kigoda, mkono wa gauni mapajani, machozi yanamlenga. Hapo hadithi ziliniishia.
Kobe kaja na futi shingoni, hakuitwa. Kahesabu mikono. "Kaka, ungekuwa unamshonea pweza nisingekulaumu." Kisha kaamua: kila gauni livae mkono mmoja, bega la kulia libaki wazi, mikono iliyozidi iwe mikanda. Kashona bila pupa, hakufumua hata mshono mmoja. Jua halijazama kamaliza, kajinyoosha, kalala. Mimi nilipewa pasi.

Jumamosi, 8 Juni
Arusi imefana. Mpwa wangu kanikumbatia mbele za watu. Wanawake wanaulizana mtindo wa bega moja kaubuni nani. Nikajikohoza. Kobe kapita akicheza, kasema nisisahau kuwasimulia na habari za pweza. Sikusahau, nimeziruka tu. Nimewaeleza kwamba mtindo kama ule hautoki kwa watu wa kukunjakunja vitambaa.
Mkuu wa bendi kanisikia. Anataka suruali za wapigaji wake wote, zikiwahi. Kobe kaninong'oneza, "Kaka, safari hii kunja." Nimemhurumia, mama wa watu.
Jumatatu nazipanga zote pamoja, uso juu, mkupuo mmoja. Muda nitakaouokoa nishaupangia kazi: naenda kwa kinyozi.