Chembe za Jua Kiswere

Jumatatu, 7 Oktoba
Doa jeusi limesogea upande wa magharibi wa jua. Mahali pabaya kabisa! Hesabu zangu zinasema asilimia sabini: Alhamisi jua litarusha chembe zenye kasi ya kutisha. Wanaanga wajifiche. Sisi Kiswere tutakingwa na anga, lakini utabiri ni utabiri. Nahitaji mtu mmoja tu auamini kabla haujatimia.

Binamu Tawakali, msimamizi wa kundi la WhatsApp la kijiji, kakataa kuutuma. Eti kundi ni la misiba na bei ya korosho.

Bibi Mboni leo tena hakula. Anashika kifua, zahanati hataki. Eti gesi.

Jumanne, 8 Oktoba
Tawakali kaenda kuoga, simu kaiacha mkekani. Nimeandika: "Tahadhari. Alhamisi kutakuwa na chembe za jua. Hatari." Fupi. Ya kisayansi. Nimeridhika.

Jumatano, 9 Oktoba
Balaa. Kijiji kizima kimeelewa chembe ya moyo! Kwamba jua la kesho litawabana watu kifuani. Zahanati imefurika. Tawakali kaninunia. Nimepita nyumba kwa nyumba kueleza protoni. Mzee Hussen kaitikia marahaba, kasikiliza hadi mwisho, kisha kauliza protoni zinanywewa dawa gani.

Nimerudi kumweleza Bibi ukweli. Nimemkuta mlangoni, kajifunga kanga mpya.

"Bibi, chembe zangu siyo hizo."

"Zangu ndizo, mjukuu wangu. Mwezi wa pili huu. Nilidhani ni mimi peke yangu, nikaona haya. Kumbe ni jua. Nishike mkono."

Nimemshika mkono.

Alhamisi, 10 Oktoba
Vidonda vya tumbo. Vinatibika! Muuguzi Stefania kasema tungechelewa kidogo vingetoboka. Bibi kamaliza bakuli la uji. Nimegeukia ukutani nikalia. Alhamdulillahi. Asante Stefania. Asante hata Tawakali, aliyenuna lakini akatupeleka kwa pikipiki yake.

Jua halikurusha kitu. Doa limetulia kama mtu aliyeshiba.

Jumamosi, 12 Oktoba
Doa jipya! Kosa lilikuwa neno tu. Safari hii nimechagua neno lisilo na utata, nikabandika tangazo ukutani dukani: "Tahadhari. Jumatatu kutakuwa na mlipuko."

Mzee Hussen kalisoma mara mbili, kauliza kama tuanze kuchemsha maji ya kunywa. Sijui maji yameingiaje hapa. Lakini kasoma, na kaamini. Nashukuru sana.