Kile Kipande Kidogo cha Diski

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta ya mke wangu ina mifumo miwili ya uendeshaji. Wake wa zamani, anaochorea mitindo ya sweta anazofuma, na wangu mpya, niliouweka mwezi uliopita kwa mikono yangu mwenyewe. Ukiwasha, orodha inatokea, unachagua. Shida ni kwamba wangu umejaa. Leo nimepekua diski, nikakuta kipande kidogo mwanzoni kabisa. Hakina jina. Hakina picha. Kimekaa tu. Nimekifuta. Raha yake ni kama kufagia uvungu wa kitanda.

Jumanne, 4 Machi
Skrini nyeusi. Sentensi moja inasema haioni mfumo wa kuanzia. Si wake, si wangu. Nimezima na kuwasha mara kumi na moja. Nimeipangusa vumbi. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia inajisasisha. Akataka kujua itamaliza lini, maana sweta anayofuma imebakiza ukosi tu.
Hapo nikakatika maini. Kila akifika kwenye ukosi husikiliza sauti ya marehemu mama yake akimfundisha kuufuma. Dakika nne. Zimo humo ndani.

Jumatano, 5 Machi
Nina mpango. Mtandaoni wanasema unaweza kuiwasha kwa flashi. Flashi nimeikuta kwenye kapu la nyuzi. Kabla ya kuipakia mfumo kwa kompyuta ya kazini, nikaulizwa kama nina uhakika, kwani vyote vilivyomo vitafutika. Nikajibu ndiyo. Mimi huwa nina uhakika.
Kompyuta ikawaka kwa flashi, ikaniuliza maswali mazito, nikaizima kwa heshima. Jioni mke wangu akanipa moyo. Nisihangaike, alisema, nakala ya sauti ya mama anayo kwenye flashi, kapuni. Nimekaa chooni nusu saa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Ni fundi kompyuta. Tangu harusi yetu ananiita Mhandisi, na si kwa sifa. Nikamweleza kuwa kuna rafiki yangu kazini kafuta kipande cha diski. Akauliza rafiki huyo ilikuwaje akawa na kompyuta ya dada yake.
Kumbe kile kipande ndicho kinachoonyesha kila mfumo unaanzia wapi. Akasema mafaili yote yapo, ila nimeng'oa mlango. Akachomeka flashi yake, akakitengeneza upya, akarudisha vianzishi vya mifumo yote miwili. Saa nzima hakunitania. Orodha ikatokea. Nikamkumbatia, naye akavumilia.
Akaifungua ile sauti kuhakikisha. Mama mkwe akahesabu mishono, akakatiza ili amfokee mtu aliyeacha mlango wazi. Shemeji akasema kwa sauti ndogo kwamba mtu huyo ni yeye. Akairudia. Tukaisikiliza mara tatu. Nililia, na sioni haya kuandika. Nilimpenda sana yule mama.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza mke wangu kila kitu. Flashi pia. Akasema alijua tangu Jumanne, maana hajawahi kuona kompyuta inajisasisha huku mume wake anaibembeleza. Ila la flashi hakulijua. Alilivuta kapu la nyuzi, akalisogeza mbali nami.
Kisha akaniambia nikae karibu. Akafungua sauti ya mama, akachukua utepe wa kupimia, akanizungushia shingoni. Sweta ni yangu. Wiki zote hizi nilidhani ni ya mteja.

Jumapili, 9 Machi
Sweta imekamilika. Ukosi unakaba kidogo. Siivui.
Sauti ya mama sasa ina nakala tatu: moja kwa shemeji, moja kwenye simu ya mke wangu, moja mahali ambapo amekataa kuniambia. Nimeapa mbele ya wote wawili kwamba sitagusa tena nisichokijua. Shemeji akasema haya, Mhandisi, na safari hii alitabasamu.
Mke wangu ametoka kidogo. Nimefungua diski kuangalia tu. Mwishoni kabisa kuna kipande kingine. Hakina jina. Hakina picha. Kimekaa tu, na mfumo wangu bado umejaa. Kompyuta imeniuliza kama nina uhakika. Nimelegeza ukosi kwa kidole kimoja, nikabonyeza ndiyo kwa kingine.