Lita Hamsini na Mbili kwa Dakika

Jumatatu, 3 Juni 2019
Vichujio vimeziba tena. Mtambo wetu wa kuondoa chumvi unatakiwa kutoa lita arobaini kwa dakika. Leo umetoa ishirini na sita. Kijiji chetu kizima cha Caleta Lobera kinapata maji siku moja, kinakosa siku inayofuata. Jumapili kamati itachagua msimamizi wa mtambo: mimi, mwenye miaka kumi na mmoja kazini, au Nélida Tapia, mwenye miwili na kozi moja ya mjini Antofagasta. Nimepunguza masharubu, nionekane msimamizi.

Jumanne, 4 Juni
Nélida anasema ni ute wa vijidudu vya baharini, umeganda juu ya utando wa vichujio. Anataka tusimamishe mtambo siku mbili, tuuoshe kwa magadi, kisha asidi ya limau, taratibu. Siku mbili bila maji, wiki ya uchaguzi. Nimemwambia sikuzaliwa jana.

Jumatano, 5 Juni
Klorini huua ute kwenye matangi. Basi itaua na huku. Kitabu cha mtambo kinakataza klorini na mafuta yoyote visifike kwenye vichujio, ukurasa mzima, herufi nyekundu. Kimeandikwa na wauza vichujio. Nélida alipokwenda kula nilifunga dawa inayoondoa klorini, nikamimina galoni mbili za klorini. Aliporudi akanusa, akaniuliza. Don Wenceslao, mbona pananuka kama bwawa la kuogelea? Nikasema nimepiga deki.

Alhamisi, 6 Juni
Lita thelathini na nane. Presha imeshuka. Nimeongeza galoni.

Ijumaa, 7 Juni
Lita hamsini na mbili. Hata ulipokuwa mpya mtambo haukutoa hivyo. Nimeandika namba kwa chaki mlangoni. Nimefunga bomba la kijiji, tangi lijae kwa ajili ya mkutano wa Jumapili. Mwenyekiti wa kamati, Don Eduvino, amenikumbatia mbele ya watu. Nélida akaninong'oneza kwamba maji yakipita upesi hivyo ujue hakuna kinachoyachuja. Eti klorini imeutafuna utando. Akaomba kipima chumvi. Nimeshakipeleka nyumbani, kwa matengenezo. Wivu nao ni ugonjwa, nikamwambia, nenda zahanati.

Jumapili, 9 Juni
Mkutano ulianza saa kumi na moja jioni, kwa chai na mkate, kama kawaida yetu. Hotuba yangu ilikuwa imefika kwenye "hamsini na mbili" ukumbi mzima ulipopiga funda la kwanza. Doña Ercilia akauliza nani katia chumvi kwenye bakuli la sukari. Likachemshwa birika jingine. Hilo lilizidi kwa chumvi. Mzee Baldomero akasema hii ni supu ya kome wa baharini, kome wenyewe wamekimbia. Nélida akaeleza habari ya klorini kwa sentensi mbili, akaketi. Kura: yeye sitini na moja, mimi mbili. Mke wangu anaapa ya pili si yake.

Jumanne, 11 Juni
Vichujio vipya vimeagizwa. Kwa sasa tunaletewa maji kwa lori. Nélida amenihamishia kwenye bomba linalovuta maji baharini, nikwangue kome walioganda ndani. Anasema huko sitaharibu kitu. Nimekubali kwa heshima zote. Rekodi bado ni yangu, na hataifikia.
Nimekwangua saa nzima. Kazi ya kizamani, haina akili. Kome hawezi kushika panapoteleza, hilo hata halihitaji kozi. Nimeagiza madumu sita ya grisi, nilipake bomba lote kwa ndani. Maji yatateleza yenyewe mpaka kwenye vichujio vipya.