Laana ya Kadi ya Pikipiki

Ndugu zangu wa Korogwe, leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima, na kwa mdomo wangu mwenyewe. Naandika nikiwa Singida. Koti langu liko nje kwenye kamba. Mwenye nyumba niliyofikia amekataa liingie ndani.

Mnakumbuka nilivyotoka huko nyumbani: treni hadi Moshi, basi hadi Arusha, kisha matope matupu kupita Babati, nimekalia magunia ya mbegu za ngano, mpaka Katesh chini ya Mlima Hanang. Nilitumwa Gendabi kufundisha watu wazima kusoma, kwa muda mfupi tu. Nikakaa. Baridi ya kule inamzuia mtu kuondoka kitandani, sembuse wilayani!

Lakini mnanijua mimi na kutulia. Nimepata kazi ya ukarani Newala, kwenye korosho. Leo ndiyo siku niliyopatana na dereva wa lori la Singida: anapita Katesh saa nane mchana, atanibeba mimi na pikipiki yangu. Nikikosa lori hilo, nimechelewa kuripoti, na kazi anapewa mwingine.

Jana kadi ya pikipiki ikapotea. Nimepindua godoro. Nimemwaga sanduku. Nimetazama hata ndani ya chungu cha maharage (msiulize). Hakuna. Na bila kadi, kizuizi cha polisi pale Katesh hakipitiki.

Nikaenda polisi. Afande hakuwa na shida.

"Lete barua ya mwenyekiti wa kijiji chako kwamba kadi imepotea kweli. Nitakuandikia karatasi ya kusafiria. Kadi mpya utaiombea huko uendako."

Rahisi! Leo asubuhi nikamwahi Mwenyekiti Bura.

"Mwalimu, siwezi kuandika imepotea kabla wazee hawajasikia," akasema. "Huku kwetu kitu kikipotea kinatangazwa. Mwenye nacho akinyamaza, wazee wanasema neno."

"Neno gani?"

"La laana."

Jamani, mimi ni mwalimu. Nilipaswa kusema hapana, andika barua. Nikatazama jua. Nikasema, "Waite upesi."

Watu wakakusanyika kiwanjani, maana darasa langu lote lilikuwa limekuja kuniaga. Mzee Tluway, mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, akasimama na fimbo yake. Nikampa shikamoo. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Marahaba, Mwalimu. Kadi umeitafuta?"

"Nimeitafuta, Mzee."

"Kila mahali?"

"Kila mahali."

"Neno likishatoka halirudi kama mbuzi. Sema tena."

"Mzee, imeibwa!" (Nilisema hivyo. Imeibwa! Mbele ya watu walioniletea maziwa tangu nifike.)

Mzee akatangaza kadi, akasubiri. Hakuna aliyesogea. Basi akainua fimbo kuelekea mlimani.

"Aliye nayo, usingizi umkimbie."

"Umkimbie!" watu wakaitikia.

"Aliye nayo, chakula kimchukie."

"Kimchukie!"

"Aliye nayo, njia imkatae."

"IMKATAE!" Hiyo sauti iliyopita zote ilikuwa yangu. Nilirusha na ngumi hewani.

Bura akachukua kalamu kuandika barua. Nilikuwa nimeshinda. Ndipo Mama Paulina, aliyenipangisha chumba, akanisogelea na sindano mkononi.

"Mwalimu, huwezi kwenda ugenini na koti limechanika bitana hivi. Watasema huku hakukuwa na wanawake. Vua."

Nikavua. Akaligeuza ndani nje, akalikung'uta mara moja, kwa nguvu.

Kadi ikatoka kwenye bitana, ikaanguka miguuni pa Mzee Tluway.

Ilikuwa imepenya kwenye tundu la mfuko. Nilikuwa nimeivaa tangu jana. Niliivaa nikipindua godoro. Niliivaa nikirusha ngumi!

Hakuna aliyecheka mara ile, na hilo ndilo lililoniumiza. Kisha Mama Paulina akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, na kiwanja chote kikapasuka. Kuna bibi aliyelazimika kukaa chini.

Nikaiokota haraka. "Basi, yamekwisha. Kwaherini!"

"Unakwenda wapi?" akauliza Mzee Tluway. Yeye hakuwa anacheka.

"Katesh, Mzee. Lori."

"Njia imekukataa. Umeitikia mwenyewe."

"Mzee, hayo si ni maneno tu?"

"Mwalimu, miaka yote hii umetufundisha kwamba maneno yana nguvu. Leo ni maneno tu?"

Nikashika usukani wa pikipiki. Bura naye akasimama mbele ya pikipiki. "Hatuwezi kukuachia uende kufa barabarani. Tutasema nini kwa watu wako?"

Laana inaondolewa kwa pombe ya asali. Na pombe ya asali iliyokuwepo kijijini ni ya mtungi mmoja tu, ambayo Mzee Tluway alikuwa ameitunza kwa ajili ya arusi ya binti yake. Akatuma iletwe bila kusita. Mimi nikatazama jua tena.

"Mzee, mimi Mwislamu. Sinywi."

"Nani kasema utakunywa?"

Nikarudishiwa koti, nikakalishwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Wazee wakapanga foleni. Kila mmoja akapiga funda, akanipulizia: kichwani, kifuani, mgongoni. Puuu! Asali ikanishuka shingoni, nzi wakaja kushuhudia. Mzee Tluway akawa wa mwisho.

"Njia imkubali," akasema taratibu. "Asikutane na mwiba. Alalapo pawe na moto. Akichoka kuzunguka, ajue Gendabi kuna nyumba."

"Ajue!" wakaitikia.

Ndugu zangu, hapo nililia. Nilisingizia pombe imeingia machoni.

Nikafika kizuizini Katesh lori likiwa limeshawashwa. Nikamkabidhi Afande kadi, inanata.

"Kumbe imepatikana! Ilikuwa wapi?"

"Kwangu, Afande."

Akanisogelea. Akanusa. Akanusa tena.

"Mwalimu Shabani. Umekunywa?"

"Sijanywa, Afande. Nimepuliziwa."

"Umepuliziwa."

"Na wazee."

Alinitazama kama mtu anayechagua kati ya kunifunga na kunionea huruma. "Pikipiki huigusi. Ipakiwe. Na wewe upakiwe."

Nikapakiwa kwa makofi ya soko zima. Mle ndani abiria wakaninyima nafasi mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaishia nyuma kabisa kwa mbuzi, ambao nao walijikusanya upande wa pili. Lori lilipopanda kilima nikageuka kuutazama Mlima Hanang mara ya mwisho. Nilitaka utazamaji wa maana, wa mtu anayehama. Nyuki alikuwa ameniingia sikioni.

Kazi nitaiwahi. Shangazi akiuliza habari zangu, mwambieni Shabani kasafiri salama na baraka za wazee. Akiuliza zilikuwa baraka za aina gani, badilisheni mazungumzo.