Paka wa Kinanda na Ubao Wenye Meno

Jumatatu, 3 Machi

Ijulikane kwa vizazi vyote: leo, karakana yetu ya mapazia ikiwa imefurika kazi hadi mlangoni, mkata vitambaa mkuu (ndiye mimi) amefumwa na Bosi akimtazama paka anayepiga kinanda mtandaoni. Nikajitetea kwamba natafuta ubunifu. Ulimi huu! Bosi akasema vyema, basi Ijumaa nilete njia mpya ya kazi kutoka kwenye simu hiyo, la sivyo simu zote zitafungiwa kabatini. Zote! Dada wa Pasi, mnyoosha mapazia wetu, akaninong'oneza: kaka, ukituponza tutakunyoosha ukiwa ndani ya shati.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafuta ubunifu kutwa nzima. Nimempata paka. Mke wangu anashangaa: nikiambiwa bomba linavuja, macho yananiuma, kwenye simu hayaumi?

Jumatano, 5 Machi

Nimelamba dume! Video. Mikono tu, uso hauonekani. Inalaza pazia juu ya ubao wenye meno kama kitana, inabonyeza, na mikunjo inasimama sawasawa kama askari gwarideni. Sisi hupima mkunjo mmoja mmoja kwa futi! Nimechonga ubao wangu. Kidole kimeumia, lakini maendeleo yana gharama.

Ijumaa, 7 Machi

Nilisimama kifua mbele. Nikasema wazo lilinijia ndotoni, simu imelithibitisha tu. Bosi akataka kuiona video. Nikaionyesha. Karakana nzima ikaangua kicheko mpaka sindano zikatikisika. Kumbe meza ya kwenye video ina alama ya pasi iliyoungua. Naijua alama ile. Niliiunguza mimi! Na ile mikono ni ya Dada wa Pasi, ambaye hujirekodi hapa hapa saa ya chakula.

Bosi kaamua: simu zibaki, maana zimezaa jambo, na Dada atufundishe sote. Kabati limepata mpangaji mmoja saa za kazi. Simu yangu. Dada akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kidole kinaendeleaje.

Jumapili, 9 Machi

Ukweli wenyewe, kwa kuwa hapa hasomi mtu: mwezi uliopita Dada alinijia na ubao ule ule mkononi, akaniomba niutazame kidogo tu. Nikamwambia subiri, dada yangu, niko kwenye utafiti. Paka alikuwa amefika kwenye kiitikio.

Nimejirekebisha. Kesho naenda kazini na simu ya mke wangu. Yule paka kapata mpiga ngoma!