Sukari kwa Mbwa wa Kinole

Jumatatu, 9 Juni 2025
Profesa Stephano katamka. Mwezi huu mkataba utakaoongezwa ni mmoja, na watafiti tuko wawili: mimi, Dkt. Luqmani, bingwa wa seli, na Dkt. Scholastika, daktari wa mifugo tu. Tunachunguza saratani ya mbwa ili dawa itakayowafaa wao ijaribiwe kwa binadamu. Atakayefikisha sampuli kumi za uvimbe ifikapo tarehe 20 ndiye atakayebaki. Scholastika anazo saba. Mimi mbili. Zilikuwa tatu, ila niliwahi kuchomoa friza nichaji simu.

Jumanne, 10 Juni
Nina mpango! Scholastika anapoteza muda akikaa barazani na wenye mbwa, akiuliza habari za mashamba. Mimi ni mtu wa sayansi. Nimempigia mwenyekiti wa kijiji kule Kinole, milimani, wanakofuga mbwa wa kufukuza nguruwe pori. Atangaze: Jumamosi, atakayeleta mbwa mwenye uvimbe anapata kilo ya sukari. Nimecheka peke yangu hadi mfagizi akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 14 Juni
Mbwa sitini na wawili! Nikaanza kuwapapasa. Majipu. Kupe. Mwiba. Mmoja uvimbe wake ulibanduka ukabaki mkononi mwangu: nta ya nyuki. Mwenyewe akaapa kuwa mbwa kapona kwa baraka za mkono wangu, akadai sukari yake. Nikampa, maana watu walishaanza kunizunguka. Sukari ikaisha, nikazomewa.

Naondoka, huyo Mzee Abuu, mkulima wa mdalasini, na jike lake Popi. Tumbo hilo! Nikauliza limeanza lini. Akasema mwezi uliopita. Kasi ya ajabu! Nikilikata vipande vinane, nafika kumi! Nikampakia kwenye gari la maabara.

Nyumbani mama kanizuia mlangoni. Popi alikuwa kanilamba mikono yote. Ninawe mara saba, moja kwa udongo, ndipo nisogelee chakula. Nikanawa. Mama akauliza kwa nini sikuwaomba tu watu wanipeleke kwa mbwa wao wagonjwa. Mama hakusomea mambo haya.

Jumatatu, 16 Juni
Nimemwandikia Profesa: uvimbe wa kihistoria, aje kesho saa nne, na wageni kama anao. Scholastika kamtazama Popi, kisha akaniuliza taratibu kama nimewahi kuona uvimbe ukipiga teke. Nikamjibu kuwa seli za saratani zina nguvu sana. Wivu huo.

Jumanne, 17 Juni
Saa nne kasoro kumi uvimbe wangu umezaliwa. Sita. Wanne wana madoa, wawili weusi.

Profesa kaingia na wageni watatu kutoka Dar. Wakainama wote kuwahesabu watoto. Kisha mgeni mmoja akanipa hongera kwa kujifungua salama. Aibu niliyoona leo sijapata kuiona.

Mchana Mzee Abuu kaja kumchukua Popi na wanawe. Nilimpa shikamoo, kisha nikamlaumu. Akasema kwa upole kuwa mimi niliulizia uvimbe, mimba sikuiulizia. Nikataka kujua kama mbwa wenye uvimbe wa kweli wapo. Wapo, akasema, wanne, ila wamelala majumbani. Wangetembeaje kufuata sukari? Alishamweleza yule daktari wa kike, maana alimuuliza. Nikachungulia dirishani. Pikipiki ya Scholastika haikuwepo.

Ijumaa, 20 Juni
Scholastika: sampuli kumi na moja. Mkataba wake. Mimi Profesa kanipa miezi mitatu ya huruma, nimbebee Scholastika boksi la barafu akipanda milimani. Mimi! Imeniuma, sitaficha. Scholastika kaniambia nitakuwa nikikaa naye barazani, nisikilize. Nimeitikia kwa adabu tu.

Maana nimeshagundua kosa langu lilikuwa wapi. Sukari! Watu wa Kinole wanataka mchele. Tena mbwa wa nini? Paka nao hupata saratani, na paka hana najisi, mama hatanisumbua. Nimenunua mchele kilo hamsini. Tangazo limetoka mchana huu.

Wa kwanza kupiga simu ni Mzee Abuu. Anaye paka, jike, tumbo limemvimba mwezi huu huu. Nimemsihi asimwambie Scholastika.