Siku Mama Aliponiamkia

Jumamosi, 2 Novemba

Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili: mimi ni watu wawili.

Wa kwanza ni mimi mwenyewe. Miaka kumi na sita, sauti ndogo. Mteja akiingia dukani kwa Mama na kuuliza bei ya kutoa nakala, namwonyesha kwa vidole.

Wa pili ni Profesa. Profesa anaishi kwenye jukwaa la watumiaji wa mfumo huria. Huo ni mfumo wa kompyuta unaotolewa bure. Yeyote anaruhusiwa kuufungua ndani na kuurekebisha, na kila aliyewahi kuufungua anajiona ameuvumbua yeye. Profesa ana mvi, ndevu na miwani. Picha yake nimeikata kwenye tangazo la miwani. Watu wazima na akili zao wanampa shikamoo. Anawajibu marahaba, kisha anarudi kwenye mazoezi ya hesabu ya shule.

Leo Mama alikwenda kumjulia hali mama mkubwa, akaniachia duka. Kompyuta ya dukani ilikuwa imejaa virusi, inawaka kwa kusuasua. Nikaiona nafasi. Nikafuta mfumo wa zamani wote, nikaweka mfumo huria. Ukaingia kama maji. Skrini inang'aa! Kasi! Nikajipongeza kwa soda.

Kisha printa ikakataa. Inapokea kazi, inanguruma, inavuta pumzi, inasita. Taa ya njano inapepesa. Trei imejaa karatasi, yenyewe inapepesa tu.

Si jambo dogo hili. Mitihani ya shule ya msingi ya jirani huchapwa kwetu kila muhula, madarasa yote. Katibu wa shule anakuja kuichukua Alhamisi. Mama alishasema kwamba bila kazi ile duka halifiki mwakani. Na katibu ameshaonekana akichungulia duka la ng'ambo, lile lenye mlango wa kioo.

Mama aliporudi nikamwambia kompyuta inazoea mazingira. Akasema hata yeye hajayazoea na hajaona mtu wa kumpumzisha.

Jumapili, 3 Novemba

Nimeuliza jukwaani kwa akaunti yangu ya kawaida. Humo naitwa Chiriku. Ni kejeli, najua.

Wa kwanza kunijibu aliuliza natumia toleo gani la mfumo. Nikamtajia. Wa pili akasema toleo hilo ni la watoto wa chekechea. Wa tatu, ambaye kumbe naye analitumia, akamwomba wa pili arudie alichosema. Mpaka sasa wanatukanana. Matusi yameshafika kwa wakwe.

Halafu akaja Kisirani. Huyu ni adui yangu. Anajua kila kitu na hamsaidii mtu. Akaniandikia: "Bibie Chiriku, mwongozo uliandikwa usomwe, haukuandikwa ufungiwe karanga." Watu wakacheka. Watu wengi.

Lakini nalijua jukwaa letu. Swali halijibiwi. Jibu la kijinga, hilo ndilo lenye wateja! Likitua tu, hata aliyeko msibani anatoa simu mfukoni amsahihishe mwenzake. Kwa hiyo, mpango: Profesa atamjibu Chiriku upuuzi mtupu. Kisirani atashindwa kujizuia. Atasahihisha. Nami nitaondoka na dawa yangu kimya kimya.

Profesa akaandika kwamba binti yake Chiriku asihangaike, tatizo hili analitibu tangu ujana wake. Aondoe huduma nzima ya uchapishaji kwenye kompyuta. Printa ikikosa wa kuitawala itachapa yenyewe. Chini yake nikaweka amri ya kuiondolea, herufi kwa herufi, ili pawe na harufu ya utaalamu. Hilo la kutawala nilijivunia sana.

Kisirani akaja mbio. Akamchambua Profesa aya kwa aya: shule aliyosoma, miwani yake, ukoo wake. Kuhusu printa, hakuna neno.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimerudi kutoka shule nikamkuta Mama mlangoni anatabasamu. Nikaogopa. Mama hatabasamu siku za kazi.

Akanieleza kwamba ameitengeneza kompyuta mwenyewe, bila kunisubiri mimi na mazingira yangu. Alichukua simu yake akatafuta: taa ya printa inapepesa, mfumo huria, jina aliloliona kwenye skrini. Akaangukia jukwaani. Wengi humo, kasema, walikuwa wanagombana kama watoto kwenye bomba la maji. Ila mmoja, mtu mzima na mvi zake, alizungumza kwa utulivu na akamwita aliyeuliza "binti yangu". Huyo ndiye aliyemwamini. Akainakili amri yake herufi kwa herufi. Kompyuta ikaomba nywila, akaipa ile ile ya duka. Ikauliza kama kweli ana hakika. Akasema anayo.

Nikakaa juu ya boksi la karatasi.

Taa haipepesi tena. Mama anaona hiyo ni nafuu. Ukweli ni kwamba kompyuta sasa haijui kama duniani kuna kitu kinaitwa printa.

Nikafungua mdomo nimwambie. Mteja akaingia. Nikaufunga.

Baadaye nikasogea kwenye kiti nirekebishe. Mama akauweka mkono wake juu ya kipanya. Akasema ningoje kwanza, nimeshaizoeza vya kutosha. Atamuuliza yule mzee mwenyewe.

Jumanne, 5 Novemba

Profesa amepata ujumbe wa faragha. Umetoka kwa Mama Nakala, mwanachama mpya.

"Shikamoo Profesa. Samahani kwa usumbufu. Nimefanya kama ulivyoelekeza, taa imetulia, lakini printa bado. Alhamisi nina mitihani ya watoto wa watu. Nisaidie, baba."

Mama yangu mzazi. Ameniamkia. Ameniita baba.

Nilikuwa nyuma ya rafu ya madaftari, naye mbele yangu pale kwenye kaunta, amenipa mgongo. Alikuwa amekaa wima kama mtu aliyeitwa ofisini. Simu yake tayari inaonyesha kwamba Profesa ameusoma ujumbe. Mtu mzima akiamkiwa akanyamaza, ni tusi. Nikimjibu Mama marahaba, sijui hilo linaitwaje.

Nikaandika marahaba. 

Simu ikalia kwenye kaunta. Mama akasema "Eeh!" peke yake, kwa furaha, akavaa miwani yake ya kusomea.

Profesa akamweleza kwamba hatua iliyobaki inataka mkono wa kijana, macho ya mzee hayawezi. Je, pale nyumbani hakuna kijana? Mama akajibu kwamba yupo, binti, na ndiye aliyeiharibu. Profesa akasema huyo huyo anafaa.  Nikamwona Mama anaandika, anafuta, anaandika. Kisha ujumbe ukaingia:

"Profesa, mtoto huyu ana akili kunizidi mimi na baba yake tukiunganishwa. Lakini haongei. Nikimuuliza neno anashtuka kama nimemfumania. Sijui nilimkosea wapi. Wewe ungekuwa na binti wa namna hii ungefanyaje?"

Profesa aliiweka simu mfukoni akaanza kupanga madaftari yaliyokuwa yamepangwa. Mama akauliza, bila kugeuka, nafanya nini huko nyuma. Nikasema napanga. Akasema mbona nimepanga tangu nirudi shule.

Nikasubiri aende kumhudumia mteja wa bahasha, ndipo Profesa akajibu. Aliandika maneno mawili tu: "Ningemwachia kiti."

Jumatano, 6 Novemba

Mama akaniachia kiti. Hakusema kwa nini. Alikisukuma kwa goti akaenda kukata karatasi.

Nikairudisha huduma ya uchapishaji. Printa ikaonekana kwenye skrini. Nikaagiza ukurasa mmoja. Ikanguruma, ikasita, taa ya njano ikapepesa. Sijawahi kufurahi hivyo kuona kitu kibovu! Tumerudi Jumamosi.

Nikafungua jukwaa. Kisirani alikuwa ameishiwa matusi ya jumla, sasa ameingia kwenye ya kina. "Hata mtoto wa darasa la kwanza, Profesa, angemwambia Chiriku aangalie kipimo cha karatasi! Mfumo mpya unadhani karatasi ni za kipimo cha kule ulikotengenezwa. Trei ina A4. Printa inasubiri iwekewe nyingine. Inasubiri, Profesa! Kama sisi tunavyosubiri uone haya!"

Kipimo cha karatasi. Basi.

Nikakibadilisha, nikaweka A4. Printa ikavuta pumzi na, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, ikaitoa. Hesabu, darasa la pili. Mama akaupokea ukurasa kwa mikono miwili kama cheti. Akasema Profesa yule ni mtu na nusu. Akaingia jukwaani akamshukuru hadharani, mbele ya wote, akamwombea maisha marefu na macho mema.

Yaani mpango wangu ulifanikiwa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeandika.

Tulikuwa tunaendelea na darasa la tano pale msimamizi wa jukwaa alipotoa tangazo. Amechunguza. Chiriku, Profesa na Mama Nakala wanatumia mtandao mmoja, kwa hiyo ni mtu mmoja mwenye majina matatu. Amewafungia wote, na mtandao wao pia, moja kwa moja. Kisirani akafanya sherehe. Akaandika kwamba alijua tu, na kwamba yule Mama Nakala alimtia shaka tangu mwanzo, maana humo ndani hakuna binadamu anayeshukuru namna ile.

Mama akaisoma mara mbili. Akauliza kufungiwa maana yake nini. Nikamwambia. Akauliza yeye kafanya nini. Nikaongeza karatasi kwenye trei.

Alhamisi, 7 Novemba

Katibu wa shule amekuja. Mitihani ilikuwa mezani, imebanwa pini, imefungwa kwa kamba, darasa kwa darasa. Akafungua wa juu, akanusa wino, akasema safi. Akasema alikuwa ameshaongea na wale wa mlango wa kioo, lakini basi, na muhula ujao ataleta kwetu. Mama akamwambia wale wa mlango wa kioo wauze vioo.

Katibu akauliza fundi wetu ni nani siku hizi. Nilikuwa pale pale, na stepla mkononi.

Mama akamsimulia. Profesa, mzee wa watu, mvi tupu, mstaarabu. Wamemfukuza kwa wivu. Na yeye Mama wamemfukuza pamoja naye, eti ni mtu mmoja! Yeye na mzee mwenye ndevu mtu mmoja! Katibu akasikitika sana. Akasema dunia imeharibika. Kisha akaomba namba ya simu ya Profesa, kompyuta za shule nazo zinasumbua.

Mama akasema hana. Akanigeukia. Si na mimi huwa naingia humo? Namfahamu?

Nafasi ndiyo ile. Ilihitaji neno moja, tena fupi. Mama ananitazama, katibu ananitazama, hata printa ilikuwa imenyamaza. Nikavuta pumzi.

Nikasema nitamtafuta.

Katibu akashangaa. Akamwambia Mama kwamba miaka yote hii hakujua kama binti anaongea.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimetafakari. Wiki hii nimejifunza mengi. Kubwa kuliko yote: kuendesha akaunti tatu kwenye mtandao mmoja ni uzembe.

Jana wakati wa kula Mama alisema kinachomuuma si kufungiwa. Kuna jambo alitaka kumuuliza Profesa na hakuwahi. Nikamuuliza jambo gani. Akaniangalia, kijiko hewani. Akasema mambo ya watu wazima, nile.

Ningeweza kumuuliza tena. Uso kwa uso, mezani, mimi na yeye. Wazo hilo lilinijia kabisa. Likapita.

Kwa hiyo mpango. Atarudi mzee mwingine, jina lake Daktari, mvi nyingi zaidi, kofia badala ya miwani. Atamtafuta Mama Nakala kwa upole, kwenye akaunti mpya nitakayomfungulia, na Mama atamuuliza lile jambo. Tatizo ni mtandao wetu kufungiwa, na simu yangu haina bando. Lakini nilishasoma kwamba hata kile kisanduku cha intaneti kina mfumo wake ndani, na unaweza kuutoa ukaweka mfumo huria, kikajitambulisha upya kama kisanduku kingine kabisa. Mpango safi! Hauna wa kuharibu.

Mama yuko dukani, upande wa mbele wa nyumba yetu, na wateja. Nimekileta kisanduku chumbani, nimekiunganisha kwa waya, nimefuta mfumo wake wa zamani. Kiliuliza kama nina hakika.

Taa zake zote zilikuwa za kijani. Sasa hazina rangi. Hatua inayofuata imeelezwa vizuri sana kwenye ukurasa mmoja wa intaneti.

Namsikia Mama anamwambia mteja asubiri kidogo, barua pepe yake imegoma kwenda. Anaita kuniuliza kama huku ndani intaneti ipo.  Anaita tena, kwa jina langu lote, na la baba.

Ndala zake zinakuja koridoni. Kisanduku nimekifunika kwa mto. Karatasi hii inaingia chini ya godoro, na juu ya godoro nipo mimi, usingizi mzito, saa nne asubuhi, viatu miguuni.